Waacheni Mashabiki Wahuzunike



Kuna mahubiri ambayo sisi mafrateri tumeyasikia katika parokia zaidi ya moja, na bila shaka nanyi wasomaji wetu wa parokiani mmeyasikia. Timu imefungwa Jumamosi. Jumapili asubuhi padre anasimama mimbarini, anazitazama nyuso zilizonyong'onyea, anatabasamu kidogo, kisha anauliza: mnalilia mpira, je, ni lini mlililia dhambi zenu? Waamini wanacheka. Wenye timu iliyofungwa wanainamisha vichwa, wenye timu pinzani wanacheka zaidi kuliko inavyostahili kanisani. Mada inafungwa, tunaendelea na Nasadiki.

Sisi tunaona mada hiyo haistahili kufungwa upesi namna hiyo. Tunasoma falsafa, na falsafa imetufundisha kwamba jambo linalowafanya watu maelfu wakose usingizi usiku mmoja ni jambo la kuulizwa maswali, hata kama chanzo chake ni mpira wa ngozi. Tena tunakusudia kuwa wachungaji. Mchungaji asiyejua kondoo wake wanaumwa wapi atawatibu mguu ilhali wanaumwa jicho.

Tuchukue mfano ambao bado ni mbichi. Tarehe 25 Mei 2025, Jumapili ya Sita ya Pasaka, Simba ilicheza na RS Berkane ya Moroko mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, katika Uwanja wa New Amaan Complex, Unguja. Wiki moja kabla, tarehe 17, Simba ilikuwa imefungwa mabao 2-0 kule Berkane, yote mawili ndani ya robo saa ya kwanza: Mamadou Camara, kisha Oussama Lamlaoui. (Jina hilo la pili likumbukeni, litarudi.) Kwa hiyo pale Amaan zilihitajika bao mbili kufika kwenye penalti, tatu kulibeba kombe.

Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga. Kwa mashabiki wengi ile ilikuwa dakika tamu kuliko zote za msimu, maana bado ilibaki zaidi ya saa nzima na lilihitajika bao moja tu kusawazisha jumla. Halafu mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo. Mapema kipindi cha pili Yusuf Kagoma alitolewa kwa kadi nyekundu. Hata wakiwa kumi Simba waliendelea kushambulia, na Steven Mukwala akatumbukiza mpira wavuni, nchi nzima ikaruka, VAR ikaangaliwa, bao likakataliwa. Na katika dakika za nyongeza, wakati watu walikuwa wanahesabu sekunde kwa vidole, Soumaïla Sidibé akasawazisha. 1-1. Jumla 3-1. Kombe likaenda Moroko.

Mchezo huo sisi tuliuangalia Kisiwa Panza. Si mahali ambapo mtu angetegemea kuwakuta mafrateri, kwa hiyo tueleze kwa ufupi. Kaka wa mmoja wetu ni mwalimu katika Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Tulikuwa tumemtembelea, watatu, na yeye akasema mpira wa fainali hauangaliwi nyumbani na watu wanne, unaangaliwa na watu. Anao wazazi wa wanafunzi wake Panza, wakamwalika naye akatualika sisi. Tukashuka Chokocho, tukapanda mashua, tukavuka.

Banda la mpira kule ni kama mabanda yote ambayo Bara tunayaita vibanda umiza: kuta za makuti na mabati, televisheni moja juu ya meza, mabenchi yasiyo na mgongo, gunia mlangoni kuzuia mwanga. Nje mwani ulikuwa umeanikwa, harufu yake inaingia hadi ndani. Wanaume walifika wakitoka moja kwa moja msikitini baada ya sala ya alasiri, baadhi wakiwa bado na kofia na kanzu, wengine na bukta zilizolowa chumvi. Waliambiwa kwamba wageni wa mwalimu ni wanafunzi wa upadre. Mzee mmoja akatusogezea nafasi kwenye benchi la mbele akasema, "Karibuni, mapadri wadogo. Leo ombeni kwa bidii." Kuanzia hapo hakuna aliyetujali tena, maana mpira ulikuwa umeanza.

Tulipiga kelele pamoja Mutale alipofunga. Mvuvi mmoja alitukumbatia watatu kwa mpigo. Tunalisema hili kwa sababu baadhi ya watu wanaamini Pemba ni mahali ambapo Mkristo anakaa kando na Mwislamu kando. Dakika ile ya 17 hakukuwa na kando.

Baada ya filimbi ya mwisho kulikuwa na kimya ambacho tungekifananisha na cha msibani. Kisha kimya kikapasuka, na hapo ndipo jambo tunalotaka kuliandika lilipoanza.

Kwanza alilaumiwa Kagoma. Kisha mwamuzi. Kisha kocha Fadlu Davids, kwa kumwingiza huyu na kumwacha yule. Kisha mashine ya VAR, ambayo kijana mmoja aliapa kwamba huwa haifanyi kazi timu za Waarabu zinapofunga (aliyasema hayo mbele ya wazee wawili ambao asili yao ni Oman, nao wakacheka). Halafu simu zikaanza kulia. Ndugu na marafiki wa Bara walikuwa wanatuma ujumbe. Mwenye simu mmoja akasoma kwa sauti: tatizo ni Amaan, Zanzibar ina nuksi, tungecheza kwa Mkapa kombe lingekuwa letu. Akasoma wa pili, nao hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa na maneno makali zaidi, hatuyarudii.

Banda likabadilika. Watu ambao kwa saa mbili walikuwa mashabiki wa Simba, sawa na mashabiki wa Kariakoo au Mwanza au Songea, ghafla wakawa Wazanzibari wanaotuhumiwa. Mzee aliyetukaribisha akatugeukia. Hakuwa na hasira nasi, ila sisi ndio tulikuwa Bara iliyokuwepo karibu. "Wanangu," akasema, "kwani sisi ndio tuliowafungia Berkane lile goli?"

Hatukuwa na la kumjibu pale pale, na adhana ya magharibi ikaadhiniwa, watu wakatoka. Jibu tumelitafuta baadaye vitabuni, na tunadhani linapatikana.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya Summa anayozungumzia hisia za nafsi, ana jambo zuri juu ya hasira. Anaitofautisha na huzuni. Huzuni inatosheka na baya lililotokea. Mtu anahuzunika kwa sababu ya ukame, ugonjwa, mashua iliyozama. Hasira haitosheki na baya. Hasira inataka mtendaji, mtu aliyetukosea bila haki, ambaye tunaweza kumdai fidia. Kwa maneno yetu ya barazani: huzuni inauliza nini kimetokea, hasira inauliza nani kafanya. Na mpira, wasomaji wetu, ni balaa kwa jambo hili, kwa sababu mara nyingi timu inafungwa bila ya mtu yeyote kutukosea. Berkane walikuwa timu nzuri. Walikwisha kulichukua kombe hilo mwaka 2020 na 2022, na mwaka 2025 wakalichukua mara ya tatu. Walikuja na mtaji wa mabao mawili, wakaulinda. Hakuna dhuluma hapo. Lakini nafsi iliyoumia haikubali kuumia bure, basi hasira inazunguka kama mbwa mwenye njaa ikitafuta wa kumng'ata, na mara zote inampata aliye karibu na asiye na nguvu za kujibu.

Kitabu cha Walawi, sura ya 16, kinaeleza jinsi Waisraeli walivyoweka maovu ya taifa juu ya kichwa cha mbuzi na kumpeleka jangwani. Mfaransa René Girard, aliyekuwa Mkatoliki, alitumia miaka mingi kueleza kwamba jamii za wanadamu zinaendelea kufanya hivyo bila mbuzi: zinamchagua mtu, au kundi, linamtwika yote, na kwa muda kila mmoja anajisikia nafuu. Nafuu hiyo ni ya kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ingekuwa haitulizi mtu, tungekwisha kuiacha.

Mfano ulio wazi kuliko wote tunaoujua unatoka mbali, Chicago, na hautoki kwenye soka bali kwenye besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatuuelewi. Timu ya Cubs ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1908. Tarehe 14 Oktoba 2003, kwenye uwanja wao wa Wrigley Field, walibakiwa na hatua tano tu ndogo za kuwatoa wapinzani wao, Florida Marlins, ili waingie fainali. Mpira ukapigwa juu kuelekea ukingo wa jukwaa. Shabiki mmoja wa Cubs, kijana aliyevaa kofia ya timu yake, akanyoosha mkono kama walivyonyoosha wengine waliokaa karibu naye, akaugusa, na mchezaji wa Cubs aliyekuwa anaufuata akaukosa. Baada ya hapo Marlins wakapata pointi nane katika awamu ile ile. Cubs walipoteza mchezo ule na uliofuata.

Sasa hesabuni. Kijana yule hakurusha mpira hata mmoja. Wachezaji wa Cubs ndio waliokosea baada ya hapo, mmoja akiwemo aliyeuangusha mpira rahisi. Na bado umati ulimtupia vinywaji, walinzi wakamtoa uwanjani amefunika uso, nyumba ya familia yake ikahitaji ulinzi wa polisi, naye akajificha mbali na macho ya watu kwa miaka mingi. Cubs walipotwaa ubingwa hatimaye, mwaka 2016, baada ya miaka 108, klabu ilimpa pete ya ubingwa mwaka uliofuata. Tunaheshimu tendo hilo. Lakini mtu alikuwa amebeba dhambi za timu kwa miaka 13.

Amaan ilifanywa mkono wa yule kijana. Tuliangalie dai lenyewe kwa utulivu, maana ni dai linaloweza kupimwa. Ni kweli kwamba mchezo haukuchezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000, kwa sababu CAF haikuridhika na hali ya uwanja ule wakati huo. Amaan inachukua kama robo ya hao. Kelele za watu 60,000 zingesaidia, hatukatai. Lakini nuksi? Katika nusu fainali ya mashindano yale yale, tarehe 20 Aprili, Simba iliifunga Stellenbosch ya Afrika Kusini 1-0, kwa bao la Jean Charles Ahoua, ndilo bao pekee lililoivusha kwenda fainali, maana marudiano yalikwisha 0-0. Mchezo huo ulichezwa wapi? Amaan. Na siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Pasaka! Hakuna aliyetuma ujumbe siku hiyo kwamba Zanzibar ina baraka.

Na kwa Mkapa? Mei 2023 Yanga walicheza pale mchezo wa kwanza wa fainali hiyo hiyo ya Shirikisho dhidi ya USM Alger, uwanja umefurika, wakafungwa 2-1. Juni wakaenda Algiers, ugenini, kwenye moshi na fataki, wakashinda 1-0, wakalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Yaani nyumbani ndiko walikolipotezea. Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, wakatoka sare ya 0-0 na Stella kule Abidjan, wakarudi Dar es Salaam watu wakiwa wamekwisha kuandaa sherehe, wakafungwa 2-0. Wazee wa Msimbazi bado wanaisimulia siku ile kwa sauti ya chini. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na kama hayo hayatoshi, tarehe 22 Agosti 2025 Taifa Stars ilicheza robo fainali ya CHAN na Moroko, Mkapa, mbele ya umati tuliokuwa tunaambiwa ndio dawa. Tulifungwa 1-0. Aliyefunga ni Oussama Lamlaoui. Yule yule.

Kwa hiyo uwanja hauna hatia. Mzee wa Panza alikuwa na haki ya kuuliza alichouliza. Na sisi wa Bara tunaofanya mzaha wa aina hii kwenye simu tujue unapokelewa wapi na nani: unasomwa kwa sauti ndani ya banda la makuti, na watu waliolipa kiingilio kuishangilia timu hiyo hiyo unayoililia.

Yupo atakayesema: basi dawa ni kuacha ushabiki. Kwa heshima kubwa, hilo ni jibu la Epikteto. Mwanafalsafa huyo wa Kistoa, ambaye alizaliwa mtumwa, aliwashauri wanafunzi wake kwamba wakienda kwenye michezo wasiegemee upande wowote. Watamani tu kwamba kitokee kitakachotokea, na ashinde atakayeshinda, na hivyo hawatasumbuka. Tulipolisoma darasani wengi wetu tulitikisa vichwa kwa kukubali. Linavutia. Linaonekana hata kama la kitawa.

Lakini tunaamini Mkristo hawezi kulipokea lote. Asiyependa chochote hapotezi chochote, ni kweli, ila pia hana chochote. Bwana wetu alilia mbele ya kaburi la Lazaro, na alikuwa anajua fika kwamba dakika chache baadaye Lazaro angetoka. Kama aliyejua mwisho wa jambo alilia, nani atamkataza asiyejua? Hatulinganishi kifo cha rafiki na kombe. Tunasema tu kwamba huzuni ni kivuli cha upendo, na upendo wa timu, hata kama ni mdogo, ni upendo wa kweli. Mtakatifu Agustino katika Mji wa Mungu anaeleza kwamba watu wanakuwa taifa kwa kukubaliana juu ya kile wanachokipenda. Na ukitaka kujua ni taifa la namna gani, tazama wanapenda nini. Tazameni basi hili la ajabu: Mvuvi wa Panza, ambaye hajawahi kufika Kariakoo, anamwita Mukwala wa Uganda na Mutale wa Zambia "watoto wetu". Mwanya huo wa moyo unaotosha kumwita mgeni mtoto wako, mchungaji akiucheka mimbarini anacheka nini hasa?

Tusijifanye hatuoni hatari. Agustino huyo huyo, katika Maungamo, anamsimulia rafiki yake Alipio, aliyechukia michezo ya damu ya Roma. Marafiki wakamburuta hadi uwanjani; akakaa amefumba macho, akijiamini. Umati ukapiga ukelele mmoja. Akafumbua. Alipotoka pale alikuwa shabiki kuliko waliomleta. Umati una nguvu ya kumfumbua mtu macho asipotaka, na una nguvu ya kumtoa matusi kinywani ambayo akiwa peke yake angeyaonea aibu. Aliyetuma ule ujumbe wa tatu, tusiourudia, pengine ni mtu mpole kabisa nyumbani kwake.

Kuna jambo jingine tuliloliona Panza, na hili linatuuma kuliko la uwanja. Wakati watu wanabishana, kijana mmoja, tumkadirie miaka 20, hakubishana. Alikaa kwenye benchi la nyuma akiitazama simu. Mwalimu akatunong'oneza: amechana mkeka. Alikuwa ameweka pesa kwamba Simba watashinda na kulichukua kombe, na pesa yenyewe ilikuwa ya mwani wa mama yake, wa wiki kadhaa za kuinama ndani ya maji ya chumvi. Bei ya mwani kila mtu wa visiwani anaijua. Si pesa ya kuchezea.

Huyu hakuwa na huzuni ya shabiki. Shabiki akifungwa anapoteza furaha, na wenzake wote wamepoteza pamoja naye, ndiyo maana wanaweza kufarijiana. Yule kijana alikuwa amepoteza peke yake. Hakuweza kumwambia mtu, maana kusema ni kuungama. Kubeti kunakichukua kile kilichokuwa chetu sote na kukigeuza deni la mtu mmoja. Tunashangaa kwamba katika mahubiri yote tuliyoyasikia juu ya mpira, kejeli juu ya machozi ni nyingi, na juu ya mkeka hatujasikia hata moja. Kama kuna mahali padre anatakiwa apaaze sauti, ni hapo, na aipaze akijua kwamba waliokaa mbele yake, wakiwemo baba wa familia na wanakwaya, wana programu hiyo kwenye simu zao, mfukoni, saa hiyo hiyo ya Misa.

Turudi kwa Thoma, maana yeye hakuishia kueleza ugonjwa. Anauliza pia dawa za huzuni ni zipi, na orodha yake iliwachekesha wenzetu darasani, kwa kuwa tulitegemea sala na mfungo. Anataja kitu chochote cha kufurahisha. Anataja kulia, kwa sababu kinachofungiwa ndani kinaumiza zaidi. Anataja huruma ya marafiki, anataja kuutafakari ukweli. Kisha, huyu mtawa mwalimu wa Kanisa, anataja usingizi na kuoga.

Usiku ule Panza tuliona karibu yote bila mtu yeyote kufungua kitabu. Baada ya sala ya magharibi watu walirudi barazani. Hakuna aliyewaita. Kahawa ikaletwa. Mvuvi aliyetukumbatia alikuwa na macho mekundu na hakuficha. Na polepole mazungumzo yakatoka kwa nani na kuja kwa nini: kwamba mabao mawili ya Berkane ndiyo yaliyoua mchezo, si kadi, kwamba Simba kufika fainali ya Afrika baada ya miaka 32 si jambo dogo, kwamba timu inayofunga bao moja tu nyumbani haiwezi kumlaumu mwenye nyumba. Huo ni kuutafakari ukweli, hata kama unafanyika kwa kashata. Mzee wetu akasema, "Basi wakacheze tena mwakani," akaenda kulala. Vijana walikwenda pwani kuoga.

Yesu, katika Injili iliyosomwa asubuhi ya Jumapili ile, Yohane 14, anawaachia wanafunzi wake amani na kuwaambia kwamba haitoi kama ulimwengu utoavyo. Hatutaki kuivuta Injili hadi uwanjani kwa kamba. Ila tulitoka kuisikia saa chache kabla, na ilikuwa vigumu kutoiwaza pale barazani, sisi watatu katikati ya Waislamu waliotupa kahawa baada ya kutusomea matusi yaliyotoka kwa watu wa kwetu.

Neno kwa wenzetu wa bwenini, kwani hatuwezi kuwahubiria wa Pemba tukajiacha. Tarehe 25 Juni, mwezi mmoja kamili baada ya Amaan, Yanga waliifunga Simba 2-0 na kuchukua ubingwa wa ligi. Kilichofuata katika maisha ya pamoja mnakijua. Utani ni mzuri, na Thoma huyu huyu anafundisha kwamba kuna fadhila ya kucheza na kuchekesha kwa kiasi. Asiyejua kutaniwa ni mzigo kwa wenzake. Lakini kulikuwa na waliotaniwa siku ya kwanza wakacheka, siku ya tatu wakanyamaza, na wiki ya pili wakaanza kula wamejitenga. Siku ya kwanza ni utani. Wiki ya pili ni kitu kingine, na haisaidii kukiita "mila ya watani wa jadi". Waliofanya hivyo wengi ni wa Yanga, safari hii. Mwaka 2023 walikuwa wa Simba.

Mwalimu ametuandikia kwamba usiku wa tarehe 22 Agosti, Stars walipocheza na Moroko, banda lilijaa tena hadi mlangoni. Mzee alikuwepo, benchi la mbele. Watu wa Bara walituma ujumbe tena, na safari hii hapakuwa na neno juu ya uwanja. Yule kijana wa mkeka naye alikuwepo. Hakuweka pesa. Alikuwa ametoka kuvua usiku uliotangulia, akasinzia kabla ya mapumziko, kichwa begani kwa jirani yake. Wakamwamsha Lamlaoui alipofunga.